Taa Tano Zote Ziliwaka: Kisa cha TB Sugu Iliyopita Mbele ya Mashine Eswatini

Mwaka 2009 hadi 2010 nchi ya Swaziland, ambayo tangu 2018 inaitwa Eswatini, ilifanya upimaji wa kitaifa ili kujua kifua kikuu chake kimekuwa sugu kwa kiasi gani. Majibu yalitisha. Kati ya wagonjwa wapya, asilimia 7.7 walikuwa na TB isiyosikia rifampisini wala isoniazidi, dawa mbili ambazo ndizo uti wa mgongo wa matibabu. Kwa waliowahi kutibiwa huko nyuma ilikuwa asilimia 33.8.

Takwimu hizo peke yake zingetosha kuandikiwa makala nzima, lakini kisa ninachokichambua kilijitokeza baadaye, watafiti walipovirudia vimelea hivyo sugu na kusoma jeni zake. Kati ya vimelea 125, 38 vilibeba badiliko moja dogo liitwalo I491F. Barua yao ilitoka 2015 katika jarida la New England Journal of Medicine, nayo haikuwa na maneno mengi. Katika asilimia 30 ya TB sugu ya nchi hiyo, Xpert MTB/RIF, kipimo kipya ambacho dunia nzima ilikuwa ikikishangilia, kingetoa jibu kwamba usugu wa rifampisini haukuonekana.

Na kingetoa jibu hilo kikiwa kizima kabisa. Hakuna katriji (kijisanduku cha plastiki ambamo makohozi hupimwa) iliyoharibika, hakuna umeme uliokatika katikati ya kazi, hakuna makohozi yaliyochanganywa na ya mtu mwingine. Taa zake tano zote zingewaka, na kwa lugha ya mashine ile, taa tano kuwaka ni habari njema.

Ili kuona kosa lilipojificha inabidi kwanza tuelewane kuhusu taa zenyewe.

Ukienda kwa wakala wa pesa akaitilia shaka noti yako, ataiweka chini ya kitaa cha zambarau. Nyuzi ambazo mchana huzioni zinawaka. Shati jeupe lililofuliwa kwa sabuni ya unga hufanya vivyo hivyo ukumbini wa disko. Rangi ya aina hii inameza mwanga wa aina moja na kutema mwanga wa aina nyingine, wenye nguvu pungufu kidogo kuliko ule ulioingia. George Gabriel Stokes wa Cambridge ndiye aliyelipa jambo hilo jina la fluoresensi mwaka 1852. Hapa nitaziita rangi za mng'ao.

Watu wa TB walizizoea rangi hizi zamani kabla ya mashine kuja. Auramini, rangi ya manjano, hung'ang'ania nta iliyo kwenye ukuta wa kimelea cha kifua kikuu. Ukiitazama slaidi ya makohozi chini ya darubini yenye mwanga unaofaa, unaona giza tupu na ndani yake vijiti vidogo vya dhahabu. Tatizo lilikuwa taa ya zebaki ya darubini, ambayo ilikufa baada ya saa mia mbili au tatu na bei yake haishikiki. Vitaa vya LED viliondoa adha hiyo, na mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani likashauri darubini za LED zichukue nafasi ya zile za kawaida. Hata hivyo auramini ina mipaka yake. Inakuonyesha kuwa kimelea kipo. Haikuambii kama ki hai au kimekufa, wala kama dawa itakiweza.

Swali la dawa ndilo lililohitaji rangi yenye akili zaidi.

Mwaka 1996 Sanjay Tyagi na Fred Kramer, wakiwa New York, walichapisha ubunifu ambao kila nikiusoma najikuta nautabasamia. Chukua uzi mfupi wa DNA. Upange herufi zake, zile A, C, G na T, hivi kwamba ncha zake mbili zinatafutana na kushikana, uzi ujikunje kama kibanio cha nywele. Kwenye ncha moja bandika rangi ya mng'ao. Kwenye ncha ya pili bandika kizimamwanga, kitu kinachonyonya nishati ya rangi iliyo jirani yake. Uzi ukiwa umejikunja, rangi na kizimamwanga wamekaa bega kwa bega na hakuna kinachoonekana. Lakini katikati ya uzi kuna herufi zinazolingana na kipande fulani cha DNA ya kimelea. Uzi ukikutana na kipande hicho unakikumbatia, unanyooka, ncha zinaachana, na rangi inawaka. Herufi moja tu ikikosewa kwenye kipande kile, uzi hauoni sababu ya kujikunjua, na giza linabaki giza.

Taa hizo ndizo zilizowekwa ndani ya katriji ya Xpert MTB/RIF. Zilikuwa tano, kila moja na rangi yake, ili mashine izitenganishe zote zikiwa kwenye tone moja la maji. Mashine inayoisoma katriji hiyo, GeneXpert, wakati ule ilikuwa na macho sita ya rangi. Matano yalitazama TB. La sita lilitazama bakteria asiye na madhara aliyewekwa makusudi ndani ya katriji, ili ikitokea kazi ya kukuza DNA imekwama, mashine ijue kuwa imekwama yenyewe na isimtangaze mgonjwa kuwa salama. Macho sita, kazi sita. Hapakubaki hata moja la akiba. Nalitaja hili sasa kwa sababu tutalirudia.

Taa tano zilielekezwa wapi? Rifampisini huua kimelea kwa kujibana kwenye kimeng'enya kinachonakili jeni zake. Sehemu inayobanwa ya kimeng'enya hicho inaandikwa na jeni iitwayo rpoB, yenye herufi zaidi ya 3,500. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilikuwa inajulikana kwamba vimelea vingi sana vilivyo sugu vina kasoro ndani ya sehemu moja fupi ya jeni hiyo, sehemu ya herufi 81. Zaidi ya asilimia 95 ya usugu wa rifampisini ilikuwa pale. Basi taa tano zikapangwa mfululizo kulifunika dirisha hilo la herufi 81 kutoka mwanzo hadi mwisho.

Usomaji wake unaenda hivi. Taa zikiwaka zote tano, TB ipo na dirisha ni safi. Moja ikizimika, au ikichelewa sana kuwaka, TB ipo na kuna herufi iliyobadilika chini ya taa hiyo, kwa hiyo rifampisini haitafaa. Zisipowaka kabisa, huku jicho la sita likiona bakteria wake, TB haikuonekana.

Rudia kuisoma aya hiyo taratibu. Kwenye kipimo hiki hatari inatangazwa na giza, na usalama unatangazwa na mwanga. Ni kinyume cha tulivyozoea kwenye kipimo cha malaria au cha mimba, ambapo mstari unaojitokeza ndio habari. Nadhani hapo ndipo mbegu ya kisa hiki ilipopandwa. Kipimo kinachotoa habari mbaya kwa kuzima taa hakiwezi kuizima taa ambayo hakikuwekewa. Kasoro yoyote iliyo nje ya herufi 81 itaziacha taa zote tano ziwake kwa furaha.

Sitaki kuwabeza waliokibuni. Jaribio kubwa lililochapishwa 2010 lilihusisha wagonjwa 1,730 waliopimwa Lima, Baku, Cape Town, Durban na Mumbai. Kipimo kilitambua usugu kwa wagonjwa 200 kati ya 205, na kikawatambua sawasawa 504 kati ya 514 ambao hawakuwa na usugu. Kilifanya hivyo kwa chini ya saa mbili. Kuotesha vimelea maabara kulikuwa kunachukua wiki kadhaa, na mgonjwa mwenye VVU na TB sugu kwa pamoja mara nyingi hakuwa na wiki hizo. Shirika la Afya Duniani lilikipitisha Desemba mwaka huohuo, na baada ya hapo kikaenea upesi Tanzania, Kenya, Uganda, Kongo, kila mahali. Msomaji wangu ambaye amewahi kukohoa zaidi ya wiki mbili na kupewa kikopo huenda makohozi yake yamepita humo.

Ila angalia miji ile ya jaribio. Swaziland haikuwamo. Asilimia 95 ni wastani wa vimelea vya duniani, na kimelea hakiishi kwenye wastani, kinaishi mahali.

Sasa hebu tulitafute badiliko lenyewe. I491F maana yake ni kwamba kwenye nafasi ya 491 ya protini ile, tofali liitwalo isolusini limetolewa na kuwekwa fenilalanini. Kwenye DNA kilichobadilika ni herufi moja, ya 1471 ya jeni ya rpoB, ambapo A imekuwa T. Dirisha la taa tano linaanza kwenye herufi ya 1276 na kuishia ya 1356. Kutoka ukingo wa dirisha hadi penye kasoro ni herufi 115. Kwa jeni yenye herufi zaidi ya 3,500, huo ni umbali wa jirani anayeweza kusikia unapopiga chafya.

Ukiuliza kwa nini basi hawakuongeza taa ya sita pale, nakurudisha kwenye macho ya mashine. Yote sita yalikuwa na kazi. Rangi za mng'ao haziongezwi kama viti kwenye harusi. Kila moja hutema mwanga uliotapakaa kidogo kushoto na kulia, na ukizisogeza karibu mno zinaingiliana, kijani kinasomeka kama manjano. Ukiwa na nafasi sita za uhakika unazigawa kwa yale yaliyo mengi, na yaliyo nadra unayaacha. Mabadiliko ya nje ya dirisha yalijulikana kuwa yapo. Yalihesabiwa kuwa nadra, na duniani kwa ujumla ni nadra kweli.

Kilichofanya I491F isiwe nadra Swaziland ni kwamba haikuwa ikizuka upya kwa kila mgonjwa. Ilikuwa ukoo mmoja wa kimelea unaoambukizwa kutoka mtu hadi mtu, katika nchi ambayo wakati huo takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne alikuwa na VVU. Ukoo wa namna hiyo hauhitaji kushinda dunia nzima. Unahitaji kupita bila kuonekana katika nchi moja ndogo.

Na ulijua kupita. Hapa lazima niwe mwadilifu kwa mashine: si yenyewe tu iliyopitwa. Njia iliyokuwa ikiheshimiwa kuwa mwamuzi wa mwisho, ya kuotesha vimelea kwenye chupa ya maji yenye dawa, nayo mara nyingi ilitoa jibu kwamba kimelea hiki si sugu. Sababu ni kwamba I491F hukua polepole na usugu wake ni wa wastani. Chupa ina muda wake wa kusomwa, muda ukifika kimelea bado hakijafurika, na jibu linaandikwa kuwa dawa imekishinda. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipunguza kiwango cha rifampisini kinachotumika kwenye chupa hizo kutoka miligramu 1.0 hadi 0.5 kwa lita, ili vimelea vya aina hii vinaswe. I491F imo kwenye orodha ya mabadiliko saba yanayohesabiwa kuwa ya usugu wa mpakani, na hata kwa kiwango kipya bado hukwepa.

Maana yake ni kwamba vipimo viwili vya asili tofauti kabisa viliafikiana, na vyote viwili vilikosea. Kwa mtaalamu wa maabara hiyo ndiyo hali ya hatari kuliko zote. Vipimo vikigombana unashtuka na kurudia. Vikikubaliana unatia sahihi.

Tumfuate sasa mgonjwa wa namna hii, bila jina, maana yuko zaidi ya mmoja. Anafika kliniki akikohoa, amekonda, usiku jasho. Makohozi yanapimwa. TB ipo, usugu wa rifampisini haukuonekana. Anaanzishiwa vidonge vya dawa nne kwa miezi miwili: rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli. Mbili za kwanza hazimfanyii kazi, mbili zilizobaki zinajikongoja, kama zenyewe hazijashindwa. Huenda akapata nafuu kidogo. Kisha inafika awamu ya pili, miezi minne ya dawa mbili tu, nazo ni rifampisini na isoniazidi. Kuanzia siku hiyo mgonjwa anameza vidonge kila asubuhi na hakuna hata kimoja kinachomgusa kimelea wake.

Kuna jambo linalonichoma hapa. Rifampisini yenyewe ni rangi. Huugeuza mkojo, machozi na jasho kuwa ya machungwa, na kila aliyewahi kuitumia anakumbuka mshtuko wa siku ya kwanza chooni. Wahudumu wengi huutumia mkojo huo kama ushahidi kuwa mgonjwa anameza dawa kweli. Kwa hiyo mgonjwa wetu ana mkojo wa machungwa, karatasi ya mashine inayosema usugu haukuonekana, na kikohozi kisichokoma. Swali litakaloulizwa kwanza, karibu kila mahali, ni kama anakunywa dawa ipasavyo. Na likishindikana hilo, ataambiwa apime upya. Atapima upya kwenye mashine ileile, kwa katriji ileile, na taa tano zitawaka tena.

Kurudia kipimo huondoa kosa la bahati mbaya. Kosa lililo kwenye muundo hujirudia nalo, na mara ya pili linaonekana kama uthibitisho.

Nimetaja mara kadhaa neno "haukuonekana". Karatasi ya mashine, ukiisoma kwa haki, haikusema uongo. Haikuandika kuwa mgonjwa hana usugu. Iliandika kuwa usugu haukuonekana, na kwa kweli mahali ilipotazama haukuwapo. Lakini taarifa ya maabara husafiri. Kwenye daftari inakuwa alama ya kutoa. Kwenye simu kwa daktari inakuwa "huyu yuko sawa". Kwenye takwimu za mwezi inakuwa TB ya kawaida. Kiswahili kingeweza kutusaidia hapa kuliko lugha ya mashine, kwa sababu tuna "haujaonekana", na ile "-ja-" inaacha mlango wazi, inasema bado. Ningependa karatasi za majibu ziandikwe hivyo. Sijui nani wa kumpelekea ombi hilo.

Na ukoo huo uligunduliwaje? Kwa rangi za mng'ao vilevile, na hapa ndipo kisa kinaponoga.

Kusoma herufi za DNA kwa mashine kulianza mwaka 1986, pale Lloyd Smith na wenzake katika maabara ya Leroy Hood huko Caltech walipozipa herufi nne rangi nne. Tangu hapo mlolongo wa DNA hujitokeza kwenye skrini kama vilima vya rangi, na kwa mazoea ya programu nyingi A ni kijani, C ni bluu, G ni nyeusi na T ni nyekundu. Mashine za kisasa zina mitindo yao, lakini nyingi bado zinategemea rangi. Tofauti na zile taa tano ni ya msingi. Taa tano zilikuwa maswali matano yaliyoandikwa mapema: je, kipande hiki kiko kama tunavyokijua? Rangi nne za usomaji haziulizi kipande. Zinataja kila herufi inayopita, iwe inatarajiwa au la. Ukiipitia rpoB ya kimelea kile namna hiyo, unafika kwenye herufi ya 1471, mahali pa kilima cha kijani, na unakuta kilima chekundu kimesimama pale.

Kwa nini basi tusiachane na taa tano tukasome kila kimelea? Gharama, muda, na wingi wa makohozi unaotakiwa. Kituo cha afya cha wilaya kinaweza kuendesha katriji. Usomaji wa DNA bado unataka maabara kubwa, watu waliofunzwa kuchambua data, na vitendanishi vinavyokaa kwenye baridi. Mahali pengi sampuli lazima isafirishwe, na inaposafiri mgonjwa anasubiri.

Kuna mvutano wa pili uliojificha humu, nao unahusu ile ndoto ya kipimo kimoja kwa magonjwa mengi. Mashine ya GeneXpert ilinunuliwa kwa ajili ya TB, lakini mashine ileile ikibadilishiwa katriji inapima wingi wa VVU kwenye damu, kirusi cha HPV kinacholeta saratani ya shingo ya kizazi, UVIKO. Mwaka 2020 ilikuja katriji moja inayotofautisha kwa mpigo UVIKO, mafua ya aina A, mafua ya aina B na kirusi cha RSV. Ukiwaza rangi sita, utaona hesabu inavyotumika. Kila ugonjwa unaouongeza unataka jicho, na kila jicho unalompa ugonjwa mwingine ni jicho ambalo ugonjwa wa kwanza hautalipata. Upana unanunuliwa kwa kina. Katriji ya TB ilichagua kina, macho matano kwa kimelea kimoja, na bado kina hakikufika herufi ya 1471.

Wasomaji wa Beni, Butembo na Goma wameliona hili kwa upande mwingine. Wakati wa Ebola ya Kivu, 2018 hadi 2020, Xpert Ebola ilitafuta jeni mbili za kirusi, NP na GP. Chanjo iliyotolewa kwa watu wengi huko ilikuwa kirusi kingine kilichovikwa GP ya Ebola. Kwa hiyo aliyetoka kuchanjwa akapata homa angeweza kuonyesha GP bila kuwa na Ebola, na wapimaji ilibidi watazame NP kabla ya kumpeleka mtu kwenye hema la wagonjwa. Eswatini rangi ilinyamaza mbele ya ugonjwa, Kivu ingeweza kusema penye afya. Kote kuwili rangi ilikuwa sahihi kuhusu kipande chake cha jeni.

Katriji iliyofuata, Ultra, ilipitishwa 2017. Ina uwezo mkubwa zaidi wa kuona vimelea vichache: Xpert ya kwanza ilihitaji takriban vimelea 131 kwa mililita ya makohozi, Ultra takriban 16. Kwa watoto na kwa wenye VVU, ambao makohozi yao huwa na vimelea haba, hiyo ni hatua kubwa. Kwa I491F haikubadilisha kitu. Dirisha lilibaki lilelile.

Afrika Kusini ilipata dozi yake mwaka 2018. Watafiti walichukua vimelea 249 ambavyo vipimo vilivyopitishwa vilisema ni sugu kwa isoniazidi lakini si kwa rifampisini. Ni mchanganyiko ambao kwa kawaida unamfanya daktari apumue, maana rifampisini imesalimika. Walipovichunguza zaidi, 37 vilikuwa na I491F. Ukoo umevuka mpaka, au tuseme mpaka haukuwahi kuuhusu.

Kisha ikaja habari iliyonifanya niisome mara mbili. Katika ukoo huohuo wa Eswatini, zaidi ya nusu ya vimelea vilikutwa pia na badiliko kwenye jeni nyingine, Rv0678, linaloipunguza nguvu bedakwilini. Bedakwilini ndiyo dawa mpya ambayo matibabu ya TB sugu yamejengwa juu yake, na iliidhinishwa Marekani mwishoni mwa 2012. Kwa hesabu za kijenetiki badiliko hilo lilijitokeza miaka mingi kabla ya hapo, wakati hakuna mgonjwa hata mmoja wa huko aliyekuwa ameionja dawa hiyo. Kwa hiyo hata mgonjwa anayebahatika kutambuliwa kuwa sugu, dawa atakayokimbiliwa nayo inaweza kuwa tayari imelegea. Hakuna katriji ya Xpert inayolitazama hilo pia.

Njia moja ya vitendo ipo, na inapita kwenye rangi. Katriji ya Xpert MTB/XDR, iliyopitishwa 2021, inatazama isoniazidi na dawa za mstari wa pili, zile za kutibu TB sugu. Yenyewe haiitazami rpoB kabisa. Lakini ukiweka majibu yake kando ya yale ya Ultra, unaweza kuuona ukoo huu kwa kivuli chake: Ultra inasema usugu wa rifampisini haukuonekana, XDR inasema usugu wa isoniazidi upo. Dar es Salaam mchanganyiko huo unaweza kuwa vile tu ulivyoandikwa. Kwa mgonjwa wa Eswatini au aliyeishi huko, karatasi hizo mbili zikikutana mezani, mimi ningeituma sampuli ikasomwe herufi kwa herufi siku hiyohiyo na nisingeisubiri kliniki ya mwezi wa pili.

Katriji hiyo ya XDR inahitaji moduli, kile chumba cha mashine kinachopokea katriji, yenye macho kumi ya rangi. Mashine nyingi zilizotapakaa vituoni kuanzia 2011 zilitengenezwa na macho sita.